Mnara wa Clifford na Hesabu ya Madeni

Mtu akifika York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, na kuuliza iliko ngome ya mji, ataonyeshwa kilima cha majani chenye mnara mmoja juu yake. Msomaji aliyekwisha kuingia Fort Jesus pale Mombasa, akazizoea kuta nene na mizinga inayotazama bahari, huenda akadhani anataniwa. Kuta za ngome ya York zimebaki vipande, handaki lilikwisha fukiwa, na uwanja wa ndani umezungukwa na majengo ya karne ya 18. Kilichosalia cha kutazamwa ni ule mnara wa mawe, nao huitwa Mnara wa Clifford.

Nimeupanda mnara huo mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1986, nilipohudhuria kozi fupi ya wakufunzi wa ualimu mjini Leeds. Mara ya pili ilikuwa Machi 2023, nilipokwenda kumtembelea binti yangu anayefanya kazi huko. Kati ya safari hizo mbili mnara ulifanyiwa matengenezo makubwa, na watu wengi wameyasifu. Nami nayasifu. Lakini nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na desturi ya kazi ile haimwachi mtu. Ukikaa nyuma ya darasa kumkagua mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, huridhiki kwa kuwa zana zake zinapendeza. Unauliza kama somo limefika. Insha hii ni ukaguzi wa namna hiyo.

Kwanza historia, kwa ufupi. William, mtawala wa Normandy aliyeitwaa Uingereza mwaka 1066, alifika York mwaka 1068 kuuzima uasi wa watu wa kaskazini. Akaamuru udongo urundikwe uwe kilima, na juu yake usimamishwe mnara wa mbao. Mwaka uliofuata akajenga ngome ya pili ng'ambo ya mto Ouse, na kilima chake kipo hadi leo, kimeota miti. Nyumba za wenyeji zilibomolewa kupisha ujenzi, na mto Foss ukazibwa ili maji yake yaizunguke ngome. Mtu wa mji aliyeinua macho asubuhi na kuuona mnara ule alikumbushwa ni nani bwana wake. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza.

Sasa tuje kwenye mwaka 1190, maana hapo ndipo penye kiini cha habari yetu.

Wayahudi waliingia Uingereza baada ya ushindi wa William, na kufikia nusu ya pili ya karne ya 12 baadhi yao walikuwa wakiishi York. Matajiri miongoni mwao walikopesha fedha. Kanisa liliwakataza Wakristo kutoza riba, na Wayahudi nao walikuwa wamefungiwa njia nyingi nyingine za riziki. Hivyo bwana mwenye shamba kubwa na mfuko mtupu alijua mlango wa kubisha. Kwa sheria Myahudi alihesabiwa kuwa mtu wa mfalme. Mfalme alimlinda, na mfalme huyohuyo alimtoza kodi kama apendavyo. Ulinzi wenyewe ulikuwa kama ule wa mfugaji kwa ng'ombe wake wa maziwa.

Tarehe 3 Septemba 1189 Richard wa Kwanza alitawazwa London. Siku hiyo wakuu wa Wayahudi waliokuja na zawadi walipigwa langoni, na ghasia zikaenea mjini. Walikuwapo wazee wawili wa York, Benedict na Josce. Benedict alijeruhiwa, akabatizwa kwa nguvu, kesho yake akaukana ubatizo ule mbele ya mfalme, na akafa kwa majeraha yake njiani kurudi nyumbani. Josce alifika salama. Kisha mfalme akavuka bahari kujiandaa kwa Vita vya Msalaba, na kama wahenga walivyosema, paka akiondoka panya hutawala. Mapema mwaka 1190 Wayahudi walishambuliwa Lynn, Norwich, Stamford na Lincoln. Mwezi Machi ikawa zamu ya York. Nyumba ya marehemu Benedict ilivunjwa usiku, mjane wake na waliokuwamo wakauawa, mali ikabebwa, na nyumba ikachomwa moto. Josce akawaongoza watu wake mahali pekee palipokuwa na wajibu wa kuwapokea, yaani ngome ya mfalme.

Msimamizi wa ngome aliwapokea. Siku moja akatoka kwa shughuli zake, na aliporudi waliokuwa ndani hawakumfungulia, kwa kuogopa kwamba amekwisha patana na adui zao. Yeye akaenda kumlalamikia ofisa mkuu wa mfalme katika jimbo lile, na ofisa huyo akaamuru mnara ushambuliwe. Askari wa serikali na umati wa mitaani wakawa upande mmoja. Mzingiro ukaendelea kwa siku kadhaa. Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Machi, Pasaka ya Kiyahudi ikiwa imekaribia, mwanachuoni wao Yom Tov, aliyetoka Joigny huko Ufaransa, aliwashauri wafe kwa mikono yao wenyewe kuliko kuuawa au kulazimishwa kuiacha dini yao. Wanaume waliwaua wake zao na watoto wao, kisha wao wenyewe wakauawa na wenzao, na moto ukawashwa katika mnara ule wa mbao. Wachache waliokataa walitoka asubuhi baada ya kuahidiwa uhai iwapo watabatizwa. Waliuawa walipotoka. Kwa jumla inakadiriwa waliokufa walikuwa 150 hivi.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye moto. Lakini wauaji walikuwa bado na kazi moja. Waliondoka ngomeni wakaenda moja kwa moja hadi kanisa kuu la York, ambako hati za madeni zilikuwa zimehifadhiwa. Wakawalazimisha walinzi kuzitoa, wakazichoma katikati ya kanisa. William wa Newburgh, mtawa wa Yorkshire aliyeyaandika mambo haya miaka michache baadaye, anawataja wazi viongozi wa shambulio kuwa watu waliodaiwa na Wayahudi fedha nyingi. Mmoja wao ni bwana aliyeitwa Richard Malebisse.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Watu walioshikwa na wazimu huchoma kilicho mbele yao. Hawatembei kuvuka mji kutafuta karatasi. Chuki ya dini ilikuwapo, tena kali, na mahubiri ya Vita vya Msalaba yaliichochea. Lakini waliokuwa mbele walijua wanachokitaka, na walijua kiliko. Umati ulipewa chuki, na wakubwa wakabaki na faida.

Serikali nayo ilifanya nini? Mfalme alikasirika, kwa kuwa watu wake na kodi yake vimeteketea pamoja. Waziri wake mkuu, William Longchamp, alikuja York na jeshi, akawafukuza kazi ofisa wa jimbo na msimamizi wa ngome, akawatoza raia faini. Yule mtawa wa Newburgh anaeleza kwamba hadi alipokuwa akiandika hapakuwa na hata mmoja aliyenyongwa kwa mauaji yale. Mwaka 1194 ilitolewa amri mpya: kila mkopo wa Myahudi uandikwe katika nakala mbili, na nakala moja iwekwe katika sanduku maalumu kwenye miji iliyoteuliwa. Kwa maneno mengine, waliokufa ni watu, na kilichotungiwa ulinzi mpya ni karatasi. Wayahudi walirudi kuishi York, na katika karne iliyofuata wengine walitajirika sana. Mwaka 1290 mfalme Edward wa Kwanza akawafukuza wote Uingereza.

Mnara tunaouona leo sio ule uliowaka. Huu wa mawe aliuanzisha Henry wa Tatu mwaka 1245, na ujenzi ulichukua miaka ipatayo 25. Umbo lake ni la maduara manne yaliyoungana, mfano wa ua lenye petali nne. Mwaka 1298, Edward wa Kwanza alipokuwa akipigana na Waskoti, hazina ya ufalme ilihamishiwa katika ngome hii, na kwa miaka sita hesabu za dola nzima zilifanyiwa humo. Jina la Clifford huhusishwa na Roger de Clifford, aliyeuawa York mwaka 1322 kwa kuasi. Mwishoni mwa karne ya 16 mkuu wa gereza la ngome alishutumiwa kwa kuubomoa mnara kidogo kidogo na kuuza mawe, hadi wakuu wa mji walipopiga kelele. Mwaka 1684 moto uliunguza sakafu na paa, na mnara ukabaki gofu kwa zaidi ya miaka 300. Chini ya kilima, mwaka 1705, lilimalizika jengo zuri la mawe. Lilikuwa gereza la wadaiwa, ambamo mtu aliyeshindwa kulipa alifungwa. Leo jengo hilo ni sehemu ya makumbusho ya mji yaliyofunguliwa mwaka 1938.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona uzi unaopita humo. Wadaiwa wakubwa wanateketeza watu na hati zao mwaka 1190. Hazina ya mfalme inakaa humo mwaka 1298. Wadaiwa wadogo wanafungwa hapo kuanzia 1705. Ngome hii tangu mwanzo imeshughulika na swali moja: nani anamdai nani, na nani ana nguvu ya kutolipa.

Sasa nije kwenye ukaguzi wenyewe, na nianze na sifa, maana hata mwanachuo aliyevurunda hustahili kwanza kuambiwa alichofanya vema. Mwaka 1986 niliukuta mnara ni gofu lisilo na paa. Mtu aliingia, akatazama juu akaona mawingu, akapanda ngazi nyembamba hadi juu ya ukuta, akashuka. Mvua ilikuwa ikiyala mawe. Matengenezo yaliyokamilika mwaka 2022, kwa gharama ya takriban pauni milioni 5, yamesimamisha ndani ya gofu jengo la mbao lililoshikiliwa na nguzo nne, lenye sakafu ya juu iliyo wazi katikati ili mwanga uingie. Kuta za kale hazikulemezwa. Vijia vya chuma vilivyoning'inizwa vinakupeleka kwenye vyumba vya ghorofani ambavyo havikufikika tangu moto wa 1684, kikiwamo choo cha mfalme Henry, kitu kinachowafurahisha watoto kuliko vyote. Ngazi za kupanda kilima ni 55, na sasa pana mahali pa kupumzikia katikati, jambo ambalo magoti yangu yalilishukuru. Fundi aliyeweza kuongeza kitu kipya ndani ya kitu cha kale bila kimoja kukiaibisha kingine ni fundi kweli.

Lakini somo je? Kibao cha kumbukumbu ya waliokufa, chenye maandishi ya Kiingereza na Kiebrania, kiliwekwa mwaka 1978. Kiko chini, mwanzo wa kilima, kabla hujaanza kupanda. Hakilipiwi kiingilio. Nilisimama kando nikawatazama wageni kwa muda. Wengi walikipita kama mtu anavyopita kibao cha kuonyesha njia, wakainua nyuso kuelekea juu. Sikuwalaumu. Jengo zima linawaambia wapande: ngazi zinapanda, vijia vinapanda, na mwisho wa yote ni sakafu ya juu yenye mandhari ya mji. Habari za 1190 zimeelezwa ndani, hilo ni kweli, lakini zimo katika msururu pamoja na mfalme, choo, moto na wafungwa. Mwalimu anayeyapa mambo yote uzito sawa humwachia mwanafunzi achague mwenyewe, na mwanafunzi aliyefika juu na kukutana na upepo mzuri atachagua mandhari.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Watasema mnara huu wa mawe haukuwapo mwaka 1190. Kwamba ngome ina historia ya zaidi ya miaka 950 na haiwezi kugeuzwa kaburi. Kwamba watu wa leo wa York wana haki ya kulipenda jengo lao bila kuinamisha vichwa kila wakipita. Nakubali yote matatu. Sidai kwamba choo cha mfalme kifichwe. Ninachosema ni kwamba katika somo lenye mambo kumi, moja ni kiini na tisa ni mifano, na mwalimu asiyeamua lipi ni lipi hajaandaa somo.

Kutoka kwenye sakafu ile ya juu unaliona kanisa kuu la York vizuri sana. Kila mtu hulipiga picha. Jengo lenyewe kwa sehemu kubwa ni jipya kuliko mwaka 1190, lakini liko palepale lilipokuwa lile la zamani, ambamo hati zilichomwa. Kwa hiyo mandhari ile ni nusu ya pili ya habari. Anayeitazama bila kujua hivyo ameona pambo. Hapa ndipo ninaposema kwa ukali kidogo kwamba safari ya mgeni imekatwa katikati: inaishia juu ya mnara, ilhali wauaji wenyewe hawakuishia mnarani.

Nilikuwa na mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili. Tulipokuwa tukishuka akaniuliza, "Babu, kwa nini wasimfungulie yule mkubwa wa ngome? Si alikuwa amewasaidia?" Nikamwambia kwamba mtu akikimbilia kwa serikali, naye anajua walioko nyuma ya wanaomfukuza ni watu wanaokula meza moja na serikali, hawezi kujua mlango unafunguliwa kwa nani. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Basi wangekuwa hawadai mtu wangepona." Nilimwambia hapana. Wapo maskini wengi waliokufa pale ambao hawakumdai mtu hata senti. Deni lilikuwa la wachache. Mauaji yalikuwa ya wote.

Jibu hilo nilimpa kwa uangalifu, kwa sababu upo ubishi mwingine mzito kuliko ule wa kwanza. Mtu anaweza kusema: ukilitaja sana deni, unaamsha kashfa ya zamani inayomfunga Myahudi na fedha, kashfa iliyokwisha kuua mamilioni. Tahadhari hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake ni kueleza deni lote. Ni nani aliyewafungia Wayahudi njia nyingine? Ni nani aliyekopa akijua atarudisha, kisha akaona rahisi zaidi kumuua mdai? Ni mfalme gani aliyechukua fungu lake kwenye kila riba? Ukieleza hayo, aibu inakwenda kwa wenyewe. Ukinyamaza, mwanafunzi anabaki na maelezo mepesi kuliko yote, kwamba zamani watu walikuwa washenzi wakapandwa na hasira. Maelezo hayo hayamlindi mtu yeyote, kwa kuwa kila kizazi hujiona kimestaarabika.

Sisi tuliofundisha upande wa Kagera tuna sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka 1994, wakimbizi walipovuka daraja la Rusumo kwa maelfu, tulisikia habari za watu waliokimbilia makanisani na katika ofisi za serikali, mahali ambapo wazazi wao walikuwa wamepona katika machafuko ya miaka ya nyuma, wakauawa humohumo. Wanachuo wangu walitaka kujua watu wanawezaje kugeuka wanyama. Niliwajibu kwamba swali hilo halina mwisho, na kwamba mwalimu wa historia anaanza na maswali yanayojibika: nani alitoa amri, nani alikuwa na orodha, nani alichukua shamba la jirani baadaye. Mnara wa Clifford ungeweza kuyafundisha maswali hayo kuliko mahali pengi nilipopaona, kwa kuwa ushahidi wake umehifadhiwa na uko katika mwendo wa miguu.

Kwa hiyo msomaji ukijaliwa kufika York, nakushauri uibadili ratiba. Nenda mwezi Machi, maua ya manjano ya dafodili yanapochanua kilimani. Yalipandwa makusudi kwa ajili ya waliokufa, na petali zake sita hukumbusha pembe sita za nyota ya Daudi. Anza kwenye kibao cha chini, ukisome mpaka mwisho kabla ya kununua tiketi. Panda, uione kazi nzuri ya mafundi, ucheke chooni kwa mfalme. Ukifika juu litafute kanisa kuu kwa macho. Kisha shuka, lipite gereza la wadaiwa, uende kwa miguu hadi kanisani. Mji ni mdogo; kwa mwendo wa mzee ni robo saa au zaidi kidogo, kwa mitaa ile ile myembamba yenye maduka ya peremende na watalii. Mjukuu wangu alihesabu hatua zake hadi zikampotea. Tulipoingia kanisani aliniuliza walizichomea wapi zile karatasi, nami nikamwonyesha sakafu yote kwa mkono.